Aliyemuua kaka yetu alizuiliwa “kwa ridhaa ya Rais”. Sasa kesi imerudi kortini: je, atatoka bila sisi kuambiwa?

Swali

“Mwaka 2014 kaka yetu alipigwa jembe la kichwa na kijana wa jirani, akafariki njiani akipelekwa hospitali. Kijana yule tumemjua tangu akitambaa. Maneno yake ni machache, hesabu hajui, na alipotumwa dukani alipewa karatasi ampe mwenye duka. Kesi ilisikilizwa Mahakama Kuu mwaka 2016. Jaji alisema ushahidi unaonyesha ni yeye aliyefanya, ila hakuweza kuielewa kesi, akaamuru azuiliwe kwa ridhaa ya Rais. Alipelekwa gereza la Shimo la Tewa, baadaye tukasikia yuko hospitali ya akili ya Mathari. Askari mmoja akamwambia mama, ‘Huyo hatoki tena.’ Tukakaa na hilo. Mwezi uliopita chifu alikuja na afisa wa probesheni, wakatuuliza kama tuna pingamizi kijana akirudi nyumbani. Kumbe kesi imerudi kortini na sisi hatuna habari. Wanasema sheria ilibadilika. Je, sheria iliyobadilika juzi inamfikiaje mtu aliyezuiliwa zamani? Tukikataa, atabaki ndani? Na akitoka, nani ana wajibu wa kutuambia, au tutakutana naye njiani tu? Hapa kijijini wengine wanasema alijifanya, wengine wanasema ni mgonjwa, apewe dawa arudi. Mama ana presha, na tangu siku ile halali.”

Jibu

Ndugu yangu, poleni sana, na umfikishie mama pole zangu. Nitaanza na lile linalomnyima usingizi. Kijana huyo hawezi kufunguliwa mlango na afisa wa probesheni, wala na chifu, wala na daktari wa Mathari. Ni jaji atakayeamua, na jaji huamua baada ya kusoma ripoti kadhaa, mojawapo ikiwa ile afisa aliyokuja kuiandika kwenu. Kwa hiyo ziara ile haikuwa taarifa kwamba anarudi. Mlikuwa mnaulizwa kabla ya uamuzi, ingawa naona mliulizwa vibaya, kwa ghafla, bila kuelezwa kinachoendelea.

Yule askari aliyemwambia mama kwamba “huyo hatoki tena” alimpa faraja ambayo sheria haikuwa nayo. Amri ya kuzuiliwa kwa ridhaa ya Rais haikuwa kifungo cha maisha. Haikuwa kifungo hata kidogo. Ilikuwa amri isiyo na tarehe ya mwisho: mtu angeweza kutoka baada ya miaka minne, au akafia ndani baada ya thelathini, kulingana na kama kuna aliyekumbuka kuandika ripoti na kama ripoti hiyo ilisomwa na mtu yeyote huko juu.

Utaratibu huu sisi Kenya tuliurithi kwa Waingereza. Mwaka 1800 mtu mmoja aitwaye James Hadfield alimfyatulia risasi Mfalme George III ndani ya ukumbi wa maigizo wa Drury Lane mjini London. Risasi ikamkosa mfalme. Baraza la wazee wa mahakama likasema Hadfield hakuwa na akili timamu, na kwa sheria ya siku hizo maana yake ni kwamba angeachiwa aende zake. Bunge lao likatunga sheria harakaharaka ili mtu wa namna hiyo azuiliwe hadi mfalme atakapopenda. Sisi tulipopata uhuru tukamtoa mfalme, tukamweka Rais, na maneno mengine tukayaacha yalivyo katika Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, Sura ya 75.

Katika sheria hiyo kuna vifungu viwili ambavyo watu huvichanganya, na ninyi pia mmechanganyiwa. Kifungu cha 166 ni cha mtu aliyekuwa na ugonjwa wa akili wakati wa kutenda kosa. Kesi yake husikilizwa, na mahakama hutoa uamuzi maalum kwamba alitenda lakini hakuwa na akili timamu alipotenda. Kifungu cha 167 ni cha mtu ambaye si mwenda wazimu, lakini hawezi kueleweshwa kinachoendelea kortini. Anaweza kuwa kiziwi ambaye hakuwahi kufundishwa lugha yoyote ya ishara, au mtu mwenye ulemavu wa akili tangu kuzaliwa. Kwa ulivyoeleza maneno ya jaji, kijana wenu aliingia kwa mlango huu wa pili. Mahakama Kuu ilisikiliza mashahidi wote, ikaridhika kwamba ushahidi ungetosha kumtia mtu mwingine hatiani, na badala ya kumtia hatiani ikaamuru azuiliwe.

Tofauti hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Aliyezuiliwa chini ya 166 amewekewa ratiba na sheria yenyewe: msimamizi wa mahali anapozuiliwa aandike ripoti baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Kifungu cha 167 hakina ratiba kama hiyo. Kinasema tu kwamba Rais anaweza wakati wowote kuamuru mtu huyo aachiliwe au afanyiwe vingine. “Wakati wowote”, kwa mtu asiyejua kusoma, asiye na wakili na ambaye ndugu zake hawana nauli ya Nairobi, maana yake ni kamwe. Mimi binafsi, katika vifungu vyote vya Sura ya 75, hicho ndicho ninachokiona kibaya zaidi, na nasema hivyo nikijua naandikia familia iliyofiwa.

Wale majirani wanaosema alijifanya, wape jibu ambalo wewe mwenyewe umeshaliandika: karatasi ya dukani. Ulemavu wa akili huanza utotoni. Hauji siku ya kosa. Mtu anaweza kujaribu kuigiza kichaa mbele ya hakimu kwa wiki mbili, lakini hawezi kuigiza kutojua kuhesabu tangu akiwa na miaka saba, mbele ya kijiji kizima, kwa kujiandaa na kesi ya miaka kumi na tano mbele. Wanaosema apewe dawa arudi nao wamekosea, kwa upande mwingine. Dawa za hospitali ya akili hutuliza sauti anazosikia mgonjwa, hofu zake, hasira isiyo na chanzo. Ulemavu wa akili wenyewe hauna kidonge. Kinachomsaidia mtu wa aina hiyo ni kufundishwa pole pole, kuwa na ratiba isiyobadilika-badilika, na kuwa na mtu mzima anayemsimamia na kujua ni nini humpandisha hasira. Inawezekana kijana ana vyote viwili, ulemavu na ugonjwa, au ana kifafa juu yake. Hilo ni la daktari kusema, na ni swali la kwanza ninalotaka mlipeleke kortini: ripoti ya daktari inasema ana nini hasa? Ikisema tu “ametulia, anatumia dawa vizuri”, haijagusa kilichomleta pale.

Sasa tuje kwenye kubadilika kwa sheria. Bunge linapofuta sheria na kuleta nyingine, kwa kawaida huandika mwishoni vifungu vya mpito: kesi zilizoanza ziendelee hivi, maagizo ya zamani yahesabiwe vile. Hapa mambo hayakwenda hivyo. Mabadiliko yalikuja kwa hukumu za mahakama, moja baada ya nyingine. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Meru ilisema kumweka mtu wa namna hii gerezani bila kikomo ni ukatili ambao Katiba haiukubali. Mwaka 2018 kule Kisumu, katika kesi iliyoandikwa kwa herufi S.O.M., Jaji David Majanja, ambaye sasa ni marehemu, alisema kumwachia Rais aamue mtu azuiliwe kwa muda gani ni kumkabidhi kazi ya mahakama. Februari 2022 Mahakama Kuu ya Nairobi nayo, kwa ombi la watu waliokuwa wakizuiliwa kwa amri hizo, ilikataa kuzuiliwa kusiko na mwisho.

Huenda ukauliza, kama utaratibu umekataliwa na Katiba, kwa nini milango haikufunguliwa siku ileile? Jibu liko katika Katiba yenyewe, kwenye Jedwali la Sita, aya ya 7. Inasema sheria zote zilizokuwepo kabla ya Katiba kuanza kutumika, yaani kabla ya tarehe 27 Agosti 2010, zinaendelea, ila zisomwe kwa marekebisho yanayohitajika ili zipatane na Katiba. Hiyo ndiyo kanuni yetu kubwa ya mpito, na majaji wameitumia kwa busara. Hawakulifuta lile wazo kwamba mtu anaweza kuzuiliwa kwa usalama wake na wa wengine. Walichofanya ni kusoma “mahakama” pale palipoandikwa “Rais”, na kudai amri iwe na kikomo au tarehe ya kupitiwa upya. Kwa hiyo ile amri ya 2016 juu ya kijana wenu haikuyeyuka. Ilibaki, lakini sasa ni lazima irudi mbele ya jaji apime kama bado ina sababu.

Ndiyo maana hoja ya “alizuiliwa zamani, sheria mpya haimhusu” haiwezi kusimama. Kwa aliyekwisha kuhukumiwa na kupewa miaka kumi, unaweza kubishana kwamba jambo limekwisha. Lakini aliyezuiliwa bila kikomo anazuiliwa upya kila siku anapoamka, na kila siku hiyo lazima iwe na msingi wa kisheria. Hata kwa waliohukumiwa kifo tuliona baada ya kesi maarufu ya Muruatetu, ambapo Mahakama ya Juu, Desemba 2017, ilikataa kwamba kifo kiwe adhabu ya lazima kwa mauaji: watu wa miaka ya nyuma walirudi kortini kwa wingi, mpaka mahakama hiyohiyo ikalazimika kutoa maelekezo Julai 2021 kuhusu nani anaruhusiwa kurudi na nani hana nafasi. Kwa hawa wa vifungu vya 166 na 167 kila faili hufunguliwa peke yake, na majaji wa Mahakama Kuu hawafungwi na uamuzi wa mwenzao wa ngazi moja. Jaji wa Mombasa anaweza kutoa masharti ambayo wa Nakuru asingeyatoa. Hilo linachosha, lakini lina upande wake mzuri kwenu: hakuna fomula, na mtakachosema kinaweza kubadilisha kitu.

Niongeze jambo moja kutoka mbali, kwa sababu linaonyesha tunachokosa. New Zealand waliwahi kuingia shimo hilihili. Sheria yao ya mwaka 1992 ya magonjwa ya akili iliwatoa watu wenye ulemavu wa akili, kwa nia nzuri kabisa, kwamba hawa si wagonjwa. Ila hawakuweka kingine mahali pake, na kwa takriban miaka 12 mahakama zao hazikuwa na pa kumpeleka mtu mwenye ulemavu aliyefanya kosa zito isipokuwa gerezani au nyumbani. Mwishowe wakatunga sheria maalum ya uangalizi wa lazima, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2004. Huko amri ya kwanza ya uangalizi haizidi miaka 3, na ikiisha lazima mahakama iombwe kuiongeza. Mwathiriwa wa makosa makubwa akiomba, jina lake huingizwa kwenye daftari la kuarifiwa, na habari za mtu huyo kukaribia kutoka humfikia. Kwetu hakuna sheria ya uangalizi wa lazima iliyoandikwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili peke yao. Tuna hospitali, tuna gereza, tuna nyumbani kwa ndugu zake. Jaji wenu atachagua katika hivyo vitatu.

Sitakudanganya kuhusu uwezekano. Kijana amekaa ndani zaidi ya miaka kumi ukihesabu tangu alipokamatwa. Kenya iliridhia mwaka 2008 mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na mkataba huo unasema ulemavu peke yake hauwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu uhuru. Ripoti zikionyesha hajapiga mtu kwa miaka mingi na kuna ndugu wa kumpokea, majaji wengi watamwachilia kwa masharti. Na pingamizi lenu, likiwa ni “hatumtaki” tu, halitamzuia. Familia ya marehemu haina kura ya turufu, wala haipaswi kubeba mzigo huo wa kuwa ndiyo inayomfunga au kumfungua mtu. Mkikataa, haitaandikwa kwamba kwa sababu hiyo abaki. Itaandikwa kwamba uhusiano na familia ya mwathiriwa haujapona, kisha jaji atauliza: basi tumweke wapi ili kila mtu awe salama?

Hapo kwenye “wapi” ndipo penye nguvu yenu, na ndipo ningependa muelekeze bidii yote. Afisa wa probesheni huandika kuhusu nyumba atakayorudi mtu, na mara nyingi huandika akiwa na haraka. Msaidieni kuona asichokiona. Atalala chumba gani, na nani analala karibu naye? Mama yake ana umri gani sasa, na ana nguvu za kumtuliza mwanamume wa miaka thelathini? Majembe na mapanga ya nyumba ile huwekwa wapi jioni? Njia ya kisimani inapita shamba la nani? Mwaka 2014 ugomvi ulianzia wapi, ulikuwa wa mpaka, wa mbuzi, au wa watoto waliokuwa wakimchokoza akakosa wa kumtetea? Mnajua majibu, afisa hajui. Ukimwambia jaji “tunaogopa”, ataandika kwamba mnaogopa. Ukimwambia kwamba nyumba zenu ziko hatua hamsini, kwamba kuna njia moja tu, na kwamba mama yake kijana alipatwa na kiharusi mwaka juzi, hapo una hoja ya kisheria.

Masharti ambayo mahakama huweza kuweka ni mengi. Anaweza kuamriwa akae na ndugu mwingine aliyetajwa kwa jina, katika kata nyingine. Anaweza kutakiwa kuhudhuria kliniki na kuripoti kwa probesheni kila mwezi, asikaribie boma lenu, na msimamizi wake atoe taarifa mara tabia ikibadilika. Jaji anaweza pia kusema asitoke sasa, ila atolewe gerezani ahamishiwe hospitali ikiwa bado yuko gerezani, na faili irudi baada ya miezi sita au mwaka. Kwa maoni yangu, kwa kesi kama mlivyoieleza, kupigania akae kwa mjomba wake wa mbali chini ya usimamizi ni vita mnavyoweza kushinda. Kupigania asitoke milele mtashindwa, na mtakuwa mmetumia nafasi yenu yote ya kusikilizwa.

Je, mna haki ya kuarifiwa? Ndiyo, ingawa njia ya kuipata haki hiyo haijasafishwa. Katiba, Ibara ya 50(9), ililitaka Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa, na Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ikapitishwa mwaka 2014. Humo mna haki ya kupewa habari na haki ya kuwasilisha maoni. Muhimu kwenu zaidi, kuna haki ya usalama wenu na wa familia kuzingatiwa masharti ya dhamana na ya kuachiliwa yanapopangwa. Mwaka 2020, katika kesi ya Joseph Lendrix Waswa, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki kesini kupitia wakili wake, kwa kiwango atakachoruhusu jaji, mradi asigeuke kuwa mwendesha mashtaka wa pili. Kuna wakili mbishi atakayesimama aseme sheria hiyo ni ya makosa yenye hukumu ya hatia, na kijana hakutiwa hatiani. Asikutishe. Kaka yenu aliuawa na mahakama ikaridhika nani alimuua. Sijui ni jaji gani atakayesema familia yake si waathiriwa.

Ugumu ni kwamba haki hii inategemea mtu fulani akumbuke kuwatafuta. Faili ya 2014 ina nambari ya simu ya nani? Pengine ya marehemu baba yenu, au laini iliyozimwa zamani. Kwa hiyo msingoje. Andikeni barua, ukurasa mmoja unatosha. Juu kabisa weka nambari ya kesi ya Mahakama Kuu, kama ilivyo kwenye karatasi yoyote mliyobaki nayo. Kama hamna, mwaka, jina la marehemu na jina la mshtakiwa vitamsaidia karani wa masijala kuipata. Kisha sema ninyi ni nani kwa marehemu. Sema mnaomba kuarifiwa kila tarehe ya kesi, kila ombi la kuachiliwa au kuhamishwa, na siku yenyewe ya kuachiliwa kabla haijafika. Toa nambari mbili za simu za watu wawili tofauti, na mmoja wao asiwe mama. Nakala moja ipelekwe masijala ya Mahakama Kuu, nyingine afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kaunti yenu, ya tatu kwa afisa wa probesheni aliyekuja, na ya nne kwa msimamizi wa hospitali au gereza alipo kijana. Kila nakala mnayoiacha, ombeni igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Muhuri huo ndio utakaoonyeshwa jaji siku mtu atakaposema familia haikupatikana.

Jihadharini na kosa moja ninaloliona mara kwa mara: watu kuandikia ile kamati inayomshauri Rais kuhusu msamaha. Kwa mfungwa aliyetiwa hatiani mngekuwa sahihi, na Katiba inaruhusu kamati hiyo isikilize maoni ya waathiriwa. Lakini kijana wenu hakutiwa hatiani, kwa hiyo hana cha kusamehewa kwa njia hiyo. Barua ya huko itapotea.

Kwa mnaosoma haya mkiwa Tanzania, msichukue nambari za vifungu nilizotaja. Huko mahakama husema mtu alitenda lakini hana hatia kwa sababu ya kukosa akili timamu, na suala la kumzuilia huenda kwa Waziri. Wengi wao hupelekwa hospitali ya akili ya Isanga, Dodoma. Ushauri wa barua yenye muhuri unabaki uleule.

Sasa, kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyatatua, na mnahitaji mtu wa kukaa naye uso kwa uso. Kama tarehe ya kesi iko ndani ya wiki mbili zijazo, acha kusoma, nenda masijala kesho, kisha moja kwa moja kwa mwendesha mashtaka, umwambie familia inataka kusikilizwa kabla ya uamuzi. Anaweza kuomba kesi iahirishwe kwa sababu hiyo. Kama hamna pesa za wakili, kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na kuna mashirika kama Kituo cha Sheria. Nendeni na kitambulisho, cheti cha kifo na karatasi yoyote ya kesi. Na ikiwa kuna mtu wa upande wao anayewatisha sasa hivi, au upande wenu kuna vijana wanaosema wakimwona watammaliza, hilo ni la kituo cha polisi leo, mpewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Nalitaja hili la pili makusudi. Kijana asiyeweza kueleza nani kampiga ni rahisi sana kumdhuru, na atakayemgusa atashtakiwa kama mtu mwenye akili zake timamu.

Kuhusu mama, mpeleke kliniki kwanza, presha ipimwe na usingizi wake uzungumziwe na daktari, maana kesi hizi huweza kusogezwa mara tatu nne. Kisha mwambie hana ulazima wa kuingia kortini wala kumtazama kijana. Sheria inaruhusu maelezo ya familia ya marehemu kuhusu walichopoteza yaandikwe na kuwasilishwa. Anaweza kuyasema kwa lugha yake akiwa amekaa jikoni kwake, wewe ukayaandika, akatia sahihi au dole gumba, na wakili au mwendesha mashtaka akamsomea jaji. Mwache aseme juu ya mwanawe, alikuwa mtu wa namna gani na nani anamlimia sasa. Yale ya nyumba ya jirani na njia ya kisimani, yaandike wewe kwenye karatasi nyingine.